Tepe ya Pili ya Gatimu

Mimi na Watiri tumepakana mashamba hapa Gakindu. Kahawa yake inaishia pale yangu inapoanza, na katikati hakuna ua, ni njia ya miguu tu. Kwa hivyo kijana wake, Peterson Gatimu, nimemjua tangu akinyonya. Yale ambayo sikuyaona kwa macho yangu alinisimulia mwenyewe, polepole, maana Gatimu ana kigugumizi na hadithi yake huchukua muda.

Kigugumizi hicho alianza nacho siku alipoanza kuongea. Shuleni mwalimu akiita majina, yeye aliinua mkono badala ya kuitika. Akitumwa dukani alipewa karatasi. Lakini mikono yake haikuwa na kigugumizi. Baiskeli yoyote iliyokufa mtaani kwetu ililetwa kwa Watiri, na jioni iliondoka ikitembea. Alipofika miaka ishirini alisikia wanajeshi wanaandikwa uwanja wa Ruring'u, akaamka alfajiri akaenda. Alikimbia mbio akawaacha wengi. Meno yakahesabiwa, miguu ikatazamwa. Alipoulizwa jina alikwama kwenye "Ga" mpaka yule ofisa akachukua kitambulisho akasoma mwenyewe, akasema, "Gatimu. Sawa. Pita pale." Akapita. Baada ya mafunzo wakamweka jeshi la anga, huko Nanyuki, kwenye karakana ya magurudumu na breki za ndege.

Kazi hiyo aliipenda kama mtu anavyopenda chakula cha kwao. Mwaka wa pili wakampa tepe ya kwanza.

Niliposikia habari ya tepe mara ya kwanza sikuelewa, mpaka akatuchorea kwa kijiti mchangani. Askari ambaye si ofisa huanza mkono ukiwa mtupu. Halafu hupewa tepe moja, yenye umbo la herufi V. Mbili ni koplo. Tatu ni sajini. Kisha senia sajini, na juu kabisa waranti ofisa, ambaye tepe zote zimeondoka na badala yake amevaa beji chini karibu na saa.

"Na yako moja itazaa lini?" Watiri akamwuliza. Gatimu akacheka akafuta mchoro kwa mguu.

Haikuzaa. Ilikaa peke yake miaka tisa. Mitihani ya kuandika alipita, ya ufundi alipita kuliko wote, lakini koplo lazima aongoze watu kwa kwata, atoe amri kwa sauti uwanjani, na hapo Gatimu hakuthubutu hata kuandikisha jina.

Hakulalamika. Kilichomchoma kilikuwa kitu kidogo. Karakanani, praiveti wa tepe moja anaweza kufunga gurudumu, lakini hawezi kuweka saini kwamba ndege sasa iko tayari. Anayesaini ni koplo kwenda juu. Akaja msichana wa Mwingi aitwaye Mwende, Gatimu akamfundisha breki tangu bolti ya kwanza, na kabla ya miaka minne kuisha Mwende alikuwa na tepe mbili. Gurudumu alilofunga Gatimu, akalikagua Gatimu, lilitoka na saini ya Mwende.

"Mwalimu, mimi naona aibu," Mwende alimwambia siku moja, kalamu mkononi. "Hii kazi ni yako. Kwa nini usiende kozi?"

"S-saini tu. Iko sawa."

"Haiko sawa. Na mimi nitaenda likizo ya uzazi hivi karibuni. Nani atasaini? Yule anatoka ofisi ya stoo, hata hajui breki inakaa upande gani?"

Hilo ndilo lililompeleka. Akaandikisha jina.

Aliyesimamia mtihani wa kwata alikuwa Waranti Ofisa Kefa, mtu wa Vihiga, mrefu, viatu vyake unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Gatimu alipewa watu wanane. Akasimama hatua tano kutoka kwao, akiwaona nyuso zote nane. Kuwaanzisha aliweza, kwa taabu. Wakaenda, kushoto kulia, kushoto kulia, wakielekea mwisho wa uwanja ambako kuna ua wa kaiyaba, wenye miiba mirefu. Alichotakiwa kusema ni neno moja, la kuwageuza nyuma: abautani. Mdomo ukafunguka, ikatoka "a", na nyingine, na nyingine. Watu wale wanane waliendelea kutembea, kwa sababu askari ambaye hajaambiwa ageuke hageuki, na wa mbele wawili wakaingia kwenye miiba na magoti yao wameinua vizuri kabisa.

Kuna waliocheka. Kefa hakucheka. Alikuja akasimama mbele ya Gatimu.

"Hawa watu ni wako," alisema. "Ukiwapeleka kwa miiba wataenda. Umeona?"

"N-ndio, afande."

"Rudi kozi ijayo. Kama unataka."

Gatimu alikuja nyumbani likizo mwezi wa Novemba, kahawa ikiwa imeiva nyekundu, na hakumwambia mtu. Hata mkewe, Wakonyo, anayefundisha watoto wa chekechea hapa sokoni, alijua tu kwamba mumewe anakula na hasikii ladha.

Sasa, huku kwetu mashamba yamelala kwenye miteremko miwili inayotazamana, na chini katikati kuna kijito. Nyumba ya Watiri iko upande huu na kahawa yake nyingi iko ng'ambo. Kushuka na kupanda ni karibu nusu saa, kwa hivyo hakuna mtu anayeteremka kwa sababu ya neno moja. Tunaitana.

Siku hiyo tulikuwa ng'ambo watano, Watiri, mimi na akina mama watatu wa kuchuma. Gatimu alikuwa upande wa nyumbani akipasua kuni, Wakonyo ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Mara ndama wa Watiri akakata kamba, akavuka kijito, akaingia kwenye mahindi ya shemeji yake nyuma yetu. Sisi hatukumwona. Gatimu akamwona. Akaweka viganja mdomoni akamwita mama yake.

"Maituuu! Ndama ametokaaa! Ako nyuma yenuuu, kwa mahindiii!"

Tukageuka, tukamfukuza, tukamfunga kwenye mti. Huko upande wa pili Wakonyo alikuwa ameacha maharagwe.

"Baba Shiro, umesikia vile umesema?"

"N-nimesema nini?"

"Umesema yote. Hujashikwa mahali popote."

Gatimu akasimama na shoka lake. Kumbe ilikuwa hivyo tangu utotoni. Kwenye bonde sauti inatolewa ndefu, na mbele yako hakuna uso wa mtu anayengoja. Hajawahi kukwama akiita ng'ambo, ila hakuwahi kufikiria kwamba ni jambo, kama vile hufikirii kwamba unapumua ukilala. Hapo ndipo alipomweleza mkewe habari ya mtihani na ile miiba. Wakonyo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali la mwalimu.

"Na kwa gwaride unasimama wapi?"

"Hatua t-tano."

"Ni lazima ziwe tano?"

Gatimu hakujua. Alikuwa amesimama pale kwa sababu wengine wote walisimama pale.

Kesho yake asubuhi Watiri alitufikia shambani akiwa na uso wa mtu mwenye shughuli. "Leo nyinyi ni jeshi," akasema. "Kijana akisema kitu kule, mnafanya. Mkisikia abautani, mnageuka. Na mikono iendelee kuchuma, mimi silipi watu wa kusimama."

Basi tukawa tunachuma, vikapu viunoni, na kila baada ya muda ikavuka kijito sauti ya mwanamume: "Skwooodi! Abautani!" Mara ya kwanza tuligeuka kila mtu upande wake. Nilikutana uso kwa uso na Watiri, na kikapu cha mwenzetu kikamwagika kahawa yote. Tukacheka mpaka tukaketi chini. Gatimu kule alituona kama nukta tu, hakuona kicheko, na nafikiri hilo lilimsaidia. Siku ya tatu tulikuwa tunageuka pamoja kama bawaba. Watiri ndiye alikuwa mkali kuliko wote, ananong'ona "Kushoto, wewe, kushoto!" kana kwamba yeye ndiye anatafuta ukoplo. Karani wa kiwanda cha kahawa akatuuliza siku hizi mbona tunafika mwisho, Watiri akamjibu kwamba tulikuwa kwa kwata, na mzee wa watu hakuuliza tena.

Siku ya nne neno likakwama. Hata ng'ambo. Tulisikia "Skwooodi," halafu hakuna. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono kwenye tawi, na mmoja wetu akataka kugeuka tu ili mambo yaishe.

"Msigeuke," Watiri akasema kwa sauti ya chini. "Hajasema. Tungoje."

Tukangoja. Sijui ni muda gani. Ndege waliimba, maji yalipita. Hakuna aliyekohoa. Halafu ikaja, "Abautani!" safi, na tukageuka, na Watiri akapangusa macho kwa leso akisema ni vumbi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha jana yake.

Gatimu aliniambia baadaye kwamba hiyo siku ya nne ndiyo iliyomfaa kuliko zile tatu. Maisha yake yote alipokwama watu walimmalizia neno, au wakatazama pembeni, au wakaondoka. Siku hiyo alisimama akatazama nukta tano ng'ambo ya bonde, na hakuna nukta iliyosogea.

Kozi iliyofuata ilikuwa Machi. Zamu yake ilipofika alimpigia Kefa saluti.

"A-afande, na-naomba kusimama mbali."

"Mbali wapi?"

Gatimu akaonyesha mwisho wa uwanja, kwenye mlingoti wa bendera. Ni kama hatua mia moja. Kefa akatazama mlingoti, akamtazama yeye.

"Kitabu kinasema watu wako wakusikie," alisema. "Hakisemi usimame wapi. Nenda."

Akaenda. Alipogeuka, wale wanane walikuwa wadogo, hawana macho wala midomo. Akavuta pumzi, akawaita kama mtu anayeita ng'ambo. Wakanyooka. Wakaondoka. Walipofika karibu na ua akawageuza, wakageuka vumbi likaruka. Akawaleta, akawapeleka kulia, akawarudisha, akawasimamisha katikati ya uwanja, miguu yote ikapiga kwa sauti moja. Mwende alikuwa amekuja kutazama na mtoto mgongoni, na aliniapia kwamba sauti ile ilisikika mpaka jikoni.

Lakini mtihani haukuwa umeisha. "Njoo hapa," Kefa akaita, "unipe ripoti."

Ripoti haitolewi kutoka mbali. Gatimu akaja akasimama mbele yake, hatua mbili, karibu pua kwa pua. Akafungua mdomo, na neno likakwama pale pale mwanzoni. Kefa hakumsaidia neno, wala hakutazama saa. Alisimama wima akitazama mbele, kana kwamba ripoti zote za dunia huchukua muda huo, na wale wanane nyuma hawakutikisika.

"S-s-skwodi… iko t-tayari, afande."

"Nimekusikia," Kefa akasema. Akaandika.

Majina ya waliofaulu yalitoka Mei, na lake likiwemo. Wakonyo ndiye aliyeshona zile tepe kwenye sare ya gwaride, akitumia rula ya chekechea ili pande zote mbili zilingane, na akafumua mara mbili kwa sababu ncha ya V ilikuwa imekwenda kando upana wa uzi. Shiro, binti yao, alipewa kazi ya kushika pini. Watiri alipelekewa picha. Aliitazama, akauliza kwa nini kijana hakutabasamu, akaambiwa askari hatabasamu kwenye picha ya cheo, akasema hiyo sheria ibadilishwe.

Na gurudumu la kwanza alilosaini? Ilikuwa Jumatano, la kushoto, ndege ya mizigo. Aliandika "Kpl. P. Gatimu," akapuliza wino ukauke, ingawa kalamu ile haikuhitaji kupulizwa.

Sasa ana watu wanne chini yake, na kila asubuhi huwapangia kazi kwa mdomo. Pale hakuna umbali wa kumsaidia, ni chumba kimoja na meza. Karakana nyingine zinamaliza mpango kwa dakika tano. Yake inachukua kumi na mbili. Kuna aliyempa wazo la kuandika ubaoni. Akajaribu wiki moja, kisha watu wake wenyewe wakamwomba aache, kwa sababu akiandika anasahau kuwaambia zile hadithi ndogo za bolti gani ilimdanganya mwaka gani. Wanangoja tu. Wana chai mkononi.

Wiki hii yuko nyumbani tena, anapogoa kahawa ya mama yake. Nilimpelekea uji juzi nikamwuliza kama anataka na tepe ya tatu. Alikata tawi, akalitazama, akafikiri.

"B-bado," alisema. "Sajini anakaa sana ofisini."

Akanywa uji wote, akanirudishia kikombe, akahamia mti mwingine.