Chai ya Mapera, Kendu Bay

Mimi strungi siipendi, na sijawahi kuficha. Kwetu Suna, chai ni maziwa kwanza, maji baadaye, na majani yachemke mpaka sufuria nzima iwe na rangi ya udongo. Chai isiyo na maziwa ni ya matangani, siku ile waombolezaji wamezidi na maziwa ya jirani yamekwisha. Ukimwekea mgeni strungi mezani, umemwambia kwa adabu aende kwao. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyomlea binti yangu wa pekee, yule aliyenifikisha Kendu Bay.

Binti yangu aliolewa na kijana wa Kiislamu, muuza vitambaa, ambaye wazazi wake walitoka Pwani zamani wakafungua duka pale mjini. Walioana mbele ya sheikh. Mahari akapewa binti yangu mwenyewe mkononi, kama dini yao inavyotaka, na kwao mambo yakaisha hapo. Kwetu hayakuwa hata yameanza. Kwetu sisi Waluo, mkwe huleta ng'ombe, na mpaka ng'ombe hao waingie bomani, mama mzazi hali kitu kwa huyo mkwe. Hali, hanywi, hata maji. Mume wangu alishafariki, kwa hiyo shemeji zangu ndio walionikumbusha jambo hilo, utadhani nilihitaji kukumbushwa. Mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote.

Kwa miaka miwili nilikwenda kwa binti yangu mara tatu. Kila mara alipika. Kila mara nilikaa ukingoni mwa kiti na mkoba wangu mapajani, nikauliza habari za afya, nikaondoka na njaa yangu. Mara ya tatu alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, "Mama, nyumba ambamo mama yangu hawezi kula si nyumba yangu. Mimi humu ni mgeni tu." Nilimwambia asiniletee siasa. Lakini maneno hayo nilirudi nayo Suna, na usingizi nikakosa.

Kisha akajifungua mtoto wa kike. Arobaini ilipopita nikaitwa nije nimwone mjukuu, nami nikaenda na kikohozi changu. Mimi huuza uji na mandazi kwa wachimbaji dhahabu kule Macalder, na vumbi la yale mawe wanayosaga likishaingia kifuani halijui kutoka. Nilikuwa nimekohoa wiki nzima. Nilijipangia niende, nimbebe mtoto, nimbariki, niondoke kabla ya saa nane.

Nilipofika binti yangu aliniwekea mtoto mapajani. Nilimfunua shali. Yawa, alikuwa na masikio ya marehemu mume wangu, yale yale yaliyochomoza kwa juu, madogo lakini yenyewe kabisa. Nilikaa nikiyatazama tu. Mtu amezikwa miaka saba, halafu unafunua shali unamkuta.

Ndipo mama wa mkwe wangu alipoingia na birika. Ni mwanamke wa rika langu, mrefu, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka changu huona haya. Alinisalimu, akamimina chai kwenye gilasi, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa strungi. Damu ikanipanda. Ni kweli sikuwa na nia ya kuinywa, lakini hata chai ya kukataliwa inastahili maziwa. Nilikasirikia chai ambayo haikunihusu, ndivyo nilivyo, na shemeji zangu watakuambia.

Nilitaka kusema kitu, kikohozi kikaniwahi. Nilikohoa mpaka mtoto akashtuka akaanza kulia, binti yangu akaja kumchukua, na mimi nikabaki nimeinama nimeshika kifua. Yule mama alinitazama kwa muda. Aliondoa ile gilasi akarudi jikoni.

Mlango ulikuwa wazi, nikawa naona kila alichofanya. Aliteleka sufuria ndogo, akatia majani ya chai, akaponda iliki na kipande cha mdalasini. Mpaka hapo, binti yangu alinieleza huku akimbembeleza mtoto, hiyo ndiyo chai yao ya siku zote, waliyokuja nayo kutoka Pwani. Kilichofuata ni cha yule mama mwenyewe, alikibuni hapa hapa. Uani kwao kuna mpera unaozaa kupita kiasi, na aliona uchungu matunda kuozea chini. Basi alichukua mapera mawili mabivu, yale yenye nyama ya waridi, akayakatakata ndani ya sufuria. Akakamua ukwaju kwa vidole. Akafunika, akasubiri, nami nikawa nasubiri naye bila kupenda.

Alirudi na gilasi moja na kijiko ndani yake. Aliiweka mkononi mwangu, sio mezani.

"Mkwe," akasema, "hii si chai. Ni dawa ya kifua."

Nikamtazama. Huyu mama ameishi kandokando ya ziwa hili zaidi ya miaka thelathini. Anajua desturi zetu, na alijua vizuri kwa nini gilasi ya kwanza ilikuwa imekaa pale mpaka ikaanza kupoa. Alikuwa amenifungulia mlango, na sasa ameinamisha macho ili nisione aibu kupita. Dawa si chakula. Hakuna shemeji duniani anayeweza kumkataza mjane dawa. Nikanywa.

Sijui niiseme vipi. Kwanza kabisa ilikuja harufu ya mapera, ile inayojaza chumba chote ukiyaacha juu ya meza. Halafu ukali wa majani. Halafu ukwaju ukanishika kwenye mataya, na nilipodhani yamekwisha, iliki ikapanda polepole kutoka nyuma ya ulimi. Niliinua gilasi nikaielekeza dirishani. Ilikuwa nyekundu inayopitisha mwanga, nikaviona vidole vyangu upande wa pili. Nimekunywa chai miaka hamsini na kitu na sikujua kwamba majani yenyewe yana ladha. Maziwa yalikuwa yamenificha hilo maisha yangu yote.

Nilishangaa mpaka nikaogopa kidogo. Nilitaka kumuuliza yule mama aliwaza nini siku ya kwanza alipotupa tunda ndani ya chai, lakini sikutaka kufungua mdomo, ladha isije ikatoka. Nikanywa tena. Kifua kikatulia. Nje mtu alikuwa akipatana bei ya dagaa wa omena na mchuuzi, na hata kelele hizo zilinifikia zikiwa safi, utadhani mtu amenisafisha masikio. Nilimaliza gilasi nzima bila kuiweka chini.

Vipande vya mapera vilikuwa vimebaki chini, laini, vimenywa rangi ya chai. Nikachukua kijiko. Nikala kimoja. Nikala cha pili. Nilikuwa kwenye cha tatu, mbegu zimejaa menoni, nilipoinua macho.

Mtoto alikuwa amelala. Binti yangu alikuwa amesimama naye, mkono mmoja mdomoni, ananitazama ninavyotafuna. Ndipo akili ikanirudia. Dawa hunywewa, haitafunwi.

Yule mama, Mungu ambariki, alitazama dirishani na kusema kwa utulivu kwamba kuna vifua vingine huhitaji na tunda lake. Alikuwa bado ananishikia ule mlango. Niliweka kijiko ndani ya gilasi nikameza kilichokuwa mdomoni, kwa sababu kukitema nisingeweza.

"Mama," binti yangu akauliza, "ni dawa?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kujua asimame wapi. Nilijua nikijibu ndiyo, kila kitu kitabaki salama: desturi, shemeji zangu, ukali wangu wa miaka miwili. Nilijua pia kwamba atakubali. Ataichukua ile gilasi, ataiosha, ataniuliza kama kifua kimepoa, na hataniuliza jambo hilo tena maishani. Na yule mtoto mwenye masikio ya babu yake atakua akijua kwamba nyanya yake hufika, hukaa ukingoni mwa kiti, huenda zake.

Nilikuwa na ladha ya mapera bado mdomoni. Sikuweza kuisemea uongo.

"Si dawa, nyathina," nikamwambia. "Mwanangu, ni chai. Nimekunywa na nimekula, nyumbani kwako."