Kumchagulia Baba Rili

Baba yangu alikubali mara moja, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Njia nzima kutoka Tandika hadi kwake Kunduchi nilipanga maneno kichwani: nitaanza na daktari, akikataa nitamtaja marehemu mama, akizidi kukataa nitalia. Baba hakuwa mtu wa kukubali jambo siku ileile. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kwanza ahakikishe. Lakini niliposema aache kuvua kwa mshipi wa mkono, tumtafutie rili, ile mashine ya kukunjia uzi, kama zile za wavuvi wa mahotelini, alinitazama kidogo, akanyanyua kikombe chake cha chai isiyo na sukari, akasema, "Haya. Lini?"

Baba alivua maisha yake yote kwa mshipi. Mvuvi wa namna hiyo hana fimbo wala mashine. Ana uzi wa nailoni, chubwi ya risasi, ndoana, na kidole chake cha shahada. Uzi hupita juu ya kidole, na kidole ndicho kinachosikiliza kilichoko chini. Samaki kama changu akionja chambo, kidole kinajua. Ubaya wake ni kwamba samaki mkubwa akikimbia, uzi hukata nyama. Zamani majeraha hayo hayakuwa kitu, aliyaosha kwa maji ya bahari akaendelea na kazi. Kisukari kilipomwingia, jeraha moja la kiganjani lilikaa kuanzia masika hadi vuli bila kufunga, na daktari akaniita pembeni. "Dada," aliniambia, "likitokea jingine kama hili, mkono ule siwezi kuuwekea dhamana."

Mimi ni mtu wa hofu, sifichi. Tangu siku hiyo nikawa nauona mkono wa baba kila mahali. Nikikata vitambaa vya sare za shule, maana hiyo ndiyo kazi iliyonilisha, nauona. Nikiparua samaki, nauona. Kumwambia aache bahari kabisa sikuthubutu. Tangu mama afariki, bahari ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Aliifuata hata baada ya kuanza kurudi mikono mitupu, au na visamaki vya kumtupia paka. Lawama zote alizipeleka kwa wapiga baruti, wanaovua kwa milipuko. "Wameimaliza bahari," alikuwa akisema, nami nilimwamini, kwa sababu milio ya baruti niliisikia kwa masikio yangu nilipolala kwake.

Basi nikaona rili itatuokoa. Uzi unakaa kwenye gurudumu, unapita juu ya fimbo, kiganja hakiugusi. Kwa akili yangu ya fundi cherehani, jambo lilikuwa limekwisha.

Tulikwenda Magomeni, kwenye duka la spea za baiskeli ambalo, tangu biashara huria iruhusiwe, lilikuwa likiuza chochote kilichoteremka bandarini: tochi, saa za ukutani, mashine za kunyolea, na ndani ya kabati la kioo, rili. Sisi tuliokulia kwenye foleni hatukuwa na mazoea ya kuchagua. Zamani ukisikia duka la ushirika limeleta sabuni, ulikimbia; hukuuliza rangi wala harufu. Sasa nimesimama mbele ya kabati lililojaa rili, kila moja inang'aa kwa namna yake, na nikikosea ni mkono wa baba. Jasho lilinitoka kwapani kama niliyeitwa polisi.

Mwenye duka alikuwa kijana mchangamfu aliyewahi kufanya kazi kwenye boti za wageni upande wa Msasani. Alimwamkia baba, akaniuliza mimi, "Mzee anataka ya kuzamisha chini au ya kurusha?"

"Ya kurusha," baba alijibu mwenyewe. "Kolekole wakipanda juu kufukuza dagaa, nataka niwarushie kabla hawajazama."

Kijana akaweka aina mbili juu ya meza. Moja gurudumu lake lilitazama mbele na lilikuwa na kiwaya cha kukunjia uzi. Ya pili gurudumu lake lililala kukingama fimbo, mfano wa bobini kwenye cherehani. Nilitaka ile ya kwanza. Kijana akatikisa kichwa. "Hiyo rahisi sista, hata mtoto anarusha. Ila kwa samaki mkubwa, ukiwa kwenye boti, meno yake ya ndani yanaisha mapema. Hii ya kulala ndo ya kazi. Shida yake moja tu, inataka dole gumba."

Akatuonyesha. Unafungua kikono kidogo cha pembeni ili gurudumu lizunguke huru. Unalizuia kwa dole gumba, unarusha, unaachia, halafu kidole kinabaki kinaligusagusa linapozunguka. Chambo, yule samaki wa bandia, kikigonga maji, unakandamiza. Ukichelewa, gurudumu linaendelea kuzunguka wakati uzi hauendi tena, na unabaki na fundo la kufumua mpaka jioni.

"Dole gumba?" nilimrukia. "Mie nimekuja kumtoa uzi mkononi, wewe unamrudishia?"

"Anagusa tu, sista. Kama anapapasa."

"Kugusagusa huko ndo kumetufikisha hapa!"

"Niache nichague, mama," baba alisema taratibu. Aliniita mama kila alipotaka ninyamaze.

Akaanza kuchagua, nami nikaanza kuona aibu. Hakuuliza uimara wala breki. Kila rili ilikuwa na kitufe ubavuni. Ukikisukuma, uzi ukitoka gurudumu hulia. Baba alikisukuma, akavuta uzi kidogo, akaiweka rili sikioni. Ya kwanza, mpya, rangi ya dhahabu, laini mno, akairudisha. "Haisemi hii." Ya pili akaisikiliza akiwa amekunja uso. "Inanong'ona." Mpita njia mmoja alisimama mlangoni kututazama.

"Mzee wangu," kijana alicheka, "hii rili, sio redio. Kale kamlio nyongeza tu, kakushtue ukiwa umeilaza fimbo. We angalia breki."

Baba akanyoosha kidole kwenye kona ya chini ya kabati. Palikuwa na rili kuukuu, iliyoachwa na mgeni aliyerudi kwao, imebabuka, nzito, ina kutu kwenye skrubu. Alipovuta uzi ilipiga kelele hadi duka zima likageuka. Uso wa baba ukafunguka. "Hii," alisema.

Nilibishana naye mbele za watu, na sauti ilinipanda. Nilimwambia ina kutu, ni nzito, tumetoka mbali, tusirudi na takataka. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema, "Nimesema hii." Tuliondoka nayo, pamoja na fimbo yake na samaki wa bandia. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga mpya: nilidhani sasa maradhi yamegusa akili yake, kwamba baba yangu ameanza kurudi utoto na kununua vitu kwa sababu vinalia.

Kijana alinipa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Jioni ile nilikishona kikawa kifuko cha dole gumba, nikakipigia mshono mara mbili, nikakijaribu kwenye kidole changu mwenyewe. Nilishona huku nikiomba.

Jumapili iliyofuata nilisema nakwenda naye baharini. Sikuwa nimepanda boti tangu nilipokuwa msichana, na siipendi. Lakini nilijua nikibaki nchi kavu nitakufa kwa mawazo. Alipiga makasia hadi karibu na mwamba, mahali ambapo bado niliweza kuwaona watu wa pwani wakianika nyavu, na mimi muda wote nilikuwa nimeng'ang'ania ubao wa kukalia. Nikampa kifuko. Alikigeuza, akakisifia mshono, akakitia mfukoni mwa shati.

"Baba!"

"Nikivaa hiki, uzi nitausikiaje?"

Alifunga samaki wa bandia kwenye uzi. Akarusha. Mara ya kwanza uzi ulijisokota, tukakaa tunaufumua kama nywele za mtoto asiyependa kuchanwa. Mara ya pili ulikwenda karibu tu na boti. Baada ya hapo akaanza kuupata mtindo: mkono nyuma, mkono mbele, kidole kikandamize. Alirusha tena na tena. Alifurahi, akawa mwongeaji, akanieleza jinsi kolekole wanavyoingia na maji kujaa na jinsi ya kuwatambua kwa namna dagaa wanavyoruka. Nami nikaanza kulegea, nikaachia ubao.

Ndipo nikaona wekundu. Ulikuwa kwenye gurudumu, kwenye uzi, na ulikuwa ukidondoka juu ya goti lake. Ngozi ya dole gumba ilikuwa imechubuka kuanzia kwenye kiungo hadi karibu na ukucha, na yeye alikuwa bado anazungumza habari za dagaa.

"Baba, unatoka damu!"

Akautazama mkono wa kushoto kwanza. Akaugeuza, hakuona kitu. Kisha akautazama wa kulia, akabaki anautazama.

Kilipona kile kidole, niseme mapema, maana najua karaha ya wasiwasi na sitaki kumwambukiza mtu. Lakini siku ile sikujua. Nilichana pindo la kanga, nikamfunga. Nilikandamiza kitambaa kwa nguvu kuliko ilivyopaswa. Hakukunja hata uso.

"Hakiumi?"

 Alisubiri nimalize fundo, kisha akafungua samaki wa bandia, akafunga ndoana na chubwi, akaweka chambo cha ngisi, akauteremsha uzi hadi chini. Akasukuma kile kitufe cha ubavuni. Akailaza fimbo kwenye ubavu wa boti, akaweka mikono yake mapajani kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni, akainamisha kichwa, sikio limeelekea kwenye rili.

 Nikakumbuka rili ya rangi ya dhahabu alivyoirudisha, na kijana alivyocheka, na mimi nilivyopaza sauti. 

"Tangu lini, baba?"

"Tangu changu walipoacha kula," alisema. Alikuwa bado ameinama. "Nilidhani wameacha. Napandisha ndoana, chambo hakuna. Kimeliwa, na mie sina habari. Nikasema baruti. Nikasema mkondo. Nikasema chambo kibovu. Siku moja nikatoa sufuria jikoni kwa mikono mitupu, nikaenda nayo mpaka uani ndo nikasikia harufu ya ngozi ikiungua."

"Vidole vyote?"

"Vyote. Na nyayo."

Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Miezi yote ile nilikuwa nimeuogopa uzi, kumbe mikono yake ilikuwa imekufa ganzi na uzi ulikuwa umeshaacha kumuuma. Niliwaza moto wa jikoni, misumari, vigae vya chupa pwani, mwiba wa samaki taa kwenye matope, kila kitu ambacho mtu mwenye miguu inayosikia hukikwepa bila kujua kwamba amekikwepa. Nililia, na sikujificha.

"Usiwaambie wenzangu," alisema. "Wakijua, hakuna atakayekubali kuvua nami."

Hapo hasira ikanirudia, na hasira kwangu ni rahisi kuliko huzuni. Nilitaka kumwambia kwamba sitawaambia kwa sababu hakutakuwa na haja. Kwamba tunarudi nchi kavu sasa hivi, boti itauzwa, na atakuja kukaa kwangu Tandika, avae viatu ndani ya nyumba. Nilikuwa nimeshafumbua mdomo.

Rili ikalia.

Ililia kama ilivyolia dukani, ikazidi, fimbo ikagonga ubao, na sote wawili tuliiruka pamoja. Mkono wa baba ulifika kwanza. Nikaona kitambaa cha kanga kilivyolowa damu juu ya kikono cha chuma, na yeye pia akakiona. Akaisogeza fimbo kwangu. Mtu huyu hakuwahi kumwachia yeyote mshipi wake, hata mama, hata siku alipokuwa na homa.

"Vuta wewe," alisema. "Funga kikono. Zima mlio. Zungusha, usimpe nafasi."

Nikazungusha. Uzito uliokuja mikononi sikuutegemea, nilisogezwa hadi magoti yakagonga ubavu wa boti. Nikapiga kelele, baba akanishika kiunoni kwa mkono wake wa kushoto.

"Anavutaje?" aliniuliza.

"Anavuta tu, baba! Mzito!"

"Mzito vipi? Anatikisa kichwa au anaburuta?"

Niligeuka kumtazama. Hakuwa akiyaangalia maji. Alikuwa akiiangalia mikono yangu, kwa uchu, kama mtu anayetazama wengine wakila. Nikaacha kupiga kelele, nikausikiliza uzi kwa vidole.

"Anatikisa," nilisema. "Anatikisa, halafu anatulia. Sasa anashuka chini."

"Kwa mkupuo mmoja, au anakatakata?"

"Anakatakata. Kila akishuka nasikia kama anakwaruza kitu. Baba, amesimama. Ametulia kabisa."

"Hajatulia huyo. Anakusikiliza." Alifumba macho, kidevu chake kikagusa bega langu. "Endelea, mwanangu. Niambie vyote."