Maua ya Kahawa Kwenye Mninga

Makame alizaliwa Unguja, kwenye ukoo wa wachonga milango, lakini riziki yake ilimtupa bara, katika mji mdogo wa Mpemba, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Alifika mwaka tisini na sita na lori la mjomba wake, akaona mninga unavyopatikana, akabaki. Wateja wake walitaka vitanda na meza za hoteli, vitu vya haraka. Patasi za nakshi alizorithi kwa babu yake zililala ndani ya gunia. Kabati moja tu alikuwa amelichonga, la mkewe Zaitun, nalo lilikaa sebuleni.

Hilo ndilo aliloliona Mama Yunisi, mkulima wa kahawa kutoka milima ya Ileje, siku alipokuja kuulizia kitanda na Zaitun akamkaribisha ndani anywe maji. Kitanda hakukitaja tena.

"Fundi, nitengenezee kama hili."

"Hili lina kazi, mama. Litachukua miezi."

"Mbao ninazo. Marehemu mume wangu, Jonasi, alizipasua mwenyewe. Ziko darini juu ya jiko tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Zimengoja miaka, mimi nishindwe miezi?" Akapapasa maua yaliyochongwa kwenye mlango wa kabati. "Ila haya siyajui."

"Ni asumini."

"Mimi nichongee kahawa."

Mbao zikaja nyeusi tii kwa masizi. Makame alipopitisha randa, wekundu wa mninga ukachomoza na banda likajaa harufu yake, naye akamwita Zaitun aje aone. Tawi la kahawa aliloletewa alilitundika dirishani. Jani la kwanza lilimtoka kama ulimi wa ng'ombe, akalitupa. La pili likawa jani. Kila jioni, akishamaliza vitanda vya watu, alishika patasi, na Zaitun alimsikia akiimba, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu wahamie bara. Viungo alivishika kwa vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja. Mwisho akalisugua kabati lote kwa nta ya nyuki, mpaka likang'aa kwa upole, si kama vanishi.

Walilipandisha Ileje wakati wa masika, ukungu umelala mabondeni. Majirani wakaja kulitazama, wakagusa matunda ya kahawa kana kwamba yangechumika. Asubuhi yake Mama Yunisi akavuta mlango wa kabati, ukagoma. Makame, aliyekuwa amelala hapo, akavuta naye. Wapi. Uso ukamshuka.

"Mbao zimekunywa ukungu," alisema. "Kule kwetu ni kukavu. Ningewaza hilo mapema."

"Basi kaa, uzirekebishe taratibu," Mama Yunisi akamjibu. "Nani anakukimbiza?"

Alizilegeza bawaba kwa subira, akaing'oa milango, akaiacha pembeni kwa siku kadhaa izoee unyevu wa kule mpaka itulie, ndipo akairanda kingo kidogo kidogo. Ambwene, kijana mkubwa wa mama huyo, alimletea jogoo na kisu.

"Chinja wewe, fundi, ili tule wote."

Makame akachinja, wakala pamoja, na usiku wakaota moto wakisimulia habari za Jonasi, mtu aliyekuwa mkali kwa wavivu na mpole kwa ng'ombe.

Milango iliporudishwa, ilifunguka kwa kidole kimoja. Mama Yunisi akapanga vikombe, akavipangua, akavipanga upya. Kisha akaketi kwenye kigoda akilitazama kabati, mikono magotini.

"Mzee angelipenda," alisema, akanyanyuka kwenda kuteka maji.

Makame alirudi Mpemba na dumu la asali. Zaitun aliuliza kwa nini kachelewa.

"Nilikuwa najifunza ukungu," alisema, akaingia bandani. Kitanda cha mteja wa Vwawa kilikuwa kinamngoja. Alikipima ubao wa kichwani, akachora kwa penseli tawi dogo la asumini, kisha akaanza kulichonga.