Kupe Mwekundu

Gari langu lilikuwa kupe. Wenye Kifaransa chao wanaliandika coupé, lakini sisi wa Bukavu tulisema kupe tu, na mama mkwe wangu, mkulima wa Katana aliyefuga ng'ombe maisha yake yote, hakuelewa kwa nini mke wa mwanawe ajivunie mdudu.

"Kupe inanyonyaka damu," aliniambia.

"Yangu inanyonyaka essence, mama," nilimjibu, maana petroli kwetu ni essence.

"Njo ile ile."

Nililinunua kwa jasho langu, nilipokuwa sekretari katika kampuni ya chai, kutoka kwa mwalimu Mbelgiji aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Lilikuwa jekundu, fupi, la viti viwili, na lilikaa chini kiasi kwamba mvua ikinyesha tulijua kila shimo la mji huu kwa jina. Mume wangu, mwalimu wa chuo kikuu, hakujua kuendesha. Alikaa kando yangu na karatasi zake magotini, na mtaa mzima ulimcheka kwamba anabebwa na mke. Hakujali, na mimi ndiyo kabisa. Nikishuka kuelekea ziwani, kioo kimefunguliwa, sikuwa sekretari wa mtu.

Vita vya pili vilipokuja hapa kwetu, ofisi ilifungwa, na mshahara wa mume wangu ukawa habari ya kusimuliwa. Askari walikuwa wanachukua kila gari linalotembea. Tukalitoa magurudumu, tukayaficha chini ya kitanda cha watoto, tukaliweka gari juu ya matofali nyuma ya nyumba na kulifunika turubai. Askari walipofika niliwaambia limekufa zamani. Mmoja alilipiga teke mlangoni, wakaenda zao. Tangu siku hiyo sikuthubutu hata kuliwasha, maana sauti yake ingesikika mpaka barabarani. Kwa hiyo gari nililokataa kuliuza sikuweza pia kuliendesha. Nilibaki kulifuta vumbi.

Tulikula mara moja kwa siku, fufu ya muhogo na sombe ya majani yake, na sombe yenyewe ilizidi kuwa maji. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka kuhesabu watoto usiku, nilichoka kusikiliza redio, nilichoka hata kukasirika, na mimi si mtu wa kuchoka upesi kukasirika. Mume wangu hakusema hata siku moja kwamba tuliuze. Ukimya wake uliniudhi kuliko ugomvi. Kilio huanza mfiwa, na yeye alikuwa anangoja mimi nianze.

Mnunuzi alikuja kupitia watu wa parokia: mfanyabiashara wa mchele kutoka Luberizi, mtu mzima, mpole, mwenye viatu vilivyojaa vumbi la bonde. Nilikuwa nimeamka mapema kung'arisha rangi. Akaipita bila kuiangalia.

"Maman, sina kazi na gari," alisema. "Minatafuta moteri. Yangu ya kutwangia mupunga ilipasuka. Nitawapa muchele, maharagi na mafuta ya mawese, mpaka mavuno ingine. Carrosserie, ile bodi, mubaki nayo."

Nilihisi kama mtu amekuja kuposa binti yangu, halafu anasema anataka mikono tu, ya kulimia.

Alitaka kwanza kuisikia injini. Hapo ndipo mume wangu alipofungua mdomo, mara moja tu katika jambo hili lote. Alisema tungoje Jumapili, wale wa kanisa la maombi nyuma ya ua wetu wakianza ngoma zao, maana wakipiga hakuna anayesikia kitu kingine. Sisi Wakatoliki tulikuwa tumewalalamikia kwa miaka. Jumapili hiyo tulirudi kutoka misa ya kwanza, tukaazima betri, tukakaa uani sote watatu kungoja Roho Mtakatifu awashukie majirani.

Ngoma zilipopanda, nikazungusha ufunguo. Likakohoa, likakataa, kisha likashika. Niliweka mikono yote miwili kwenye usukani nikalia waziwazi, mbele ya mgeni, na gari likitetemeka juu ya matofali yake. Nilipozima, nilikuwa nimeshaamua.

"Siuzi," nilimwambia.

Hakubishana. "Hakuna tabu, maman. Kesho nitarudia Luberizi, kama lori inapita ku mulima ya Ngomo."

Tukaingia ndani apumzike. Mume wangu akaleta glasi ya maji juu ya sinia, sinia ya wageni, na kitambaa kilichofumwa chini yake, kana kwamba kuna kitu kinafuata nyuma. Hapakuwa na kitu. Mgeni alikunywa polepole, akashukuru, na muda wote ule akajitahidi asigeuze macho upande wa jikoni. Mtu ametoka bondeni mpaka nyumbani kwangu, naye ananisaidia kuficha aibu yangu. Hilo ndilo lililonishinda. Mwenye njaa hana miiko, na miiko yangu ilikuwa imepakwa rangi nyekundu.

"Chukua," nilisema.

Baada ya siku chache alirudi na wenzake, fundi, miti mitatu ya mkaratusi na mnyororo, wakaitoa injini kama watu wanaong'oa jino. Magunia yakashushwa. Jioni ile nilipika wali na maharagwe, sufuria kubwa. Nilikula kwa hamu. Nilikuwa nimetarajia kwamba nitashindwa kumeza, lakini nilimeza vizuri sana.

Binti yangu wa pili aliacha kula.

"Mama, sasa tukikimbia, tutapanda mu nini?"

Nilimwambia lile gari lisingetusaidia kitu, lilikuwa la watu wawili.

"Hapana," alisema. "Siye tulishajipanga. Weye na papa mbele, kadogo ku miguu ya papa, siye wengine tunajikunja kule nyuma ya viti. Tulijaribuka kila siku chini ya turubai. Tulienea wote."

Nilidhani walikuwa wanacheza. Nilimwongezea wali kwenye sahani, nikamwambia ale kabla haujapoa, naye akala.