Leso Niliyomfunga Ndanu Katikati ya Muziki

Hadi leo, nikiwa peke yangu jikoni na Jumapili ile ikinijia kichwani, huwa naweka sufuria chini na kufumba macho mpaka aibu ipite, kwa hivyo msinicheke kabla sijamaliza, na mkishindwa basi chekeni polepole.

Mdogo wangu Ndanu hupiga selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni na kubanwa kwa magoti. Mwaka jana alichukuliwa kwa majaribio katika okestra ya ukumbi mmoja katikati ya jiji, ukumbi ambao mvua za vuli zikikaribia hufungua msimu wake kwa muziki wa klasiki, kisha jazi, kisha wageni wenye kora na nyatiti na vyombo nisivyovijua majina. Tamasha la kwanza, Jumapili ile, ndilo lingeamua. Ndanu angekaa mbele ya wenzake wote, apige kipande kirefu chenye sehemu tatu, halafu mwongozaji, mzee mwembamba asiyecheka ovyo, aseme kama anabaki msimu mzima au anarudi nyumbani Kabiria kufundisha kwaya ya watoto.

Mimi ndiye niliyempeleka Mama. Mimi naishi Kileleshwa, mtaa wa wenye nazo, naandika riwaya, kwa hivyo nilijiona mjuzi wa mambo ya kumbi (nilikuwa nimeingia ukumbi ule mara moja tu, na siku hiyo nililala). Tulipokuwa tukitembea kwenye maua ya zambarau ya mijakaranda yaliyoanguka njiani, Mama akafungua mkoba wake na kunionyesha leso mpya, kanga pana, bado imekunjwa.

Lazima niwaeleze. Kanisani kwetu mtoto akiimba vizuri hungoji amalize. Unainuka, unamwendea kwa madaha, unamfunga leso mabegani, unapiga vigelegele na kurudi mahali pako. Asipofungwa na mtu yeyote, atalia njia nzima ya kwenda nyumbani.

"Hapana, Mama," nikasema. "Huku watu hawafanyi hivyo."

"Kwani huku mtu akifurahishwa anafanyanga nini?"

"Anakaa. Kimya."

"Hata kama ni mtoto wake?"

"Hata kama ni mtoto wake. Watapiga makofi mwisho."

Mama akafikiri. "Haya. Lakini hiyo ni kazi ngumu."

Sikumwamini. Nikaichukua ile leso nikaitia kwenye mkoba wangu, uamuzi mdogo, wa busara kabisa, na kila kilichofuata kilitoka hapo.

Taa zikapunguzwa. Ndanu akainamisha kichwa, akavuta upinde juu ya nyuzi, na nawaambia sauti ile haikutoka kwenye selo, ilitoka chini ya viti vyetu, ikapanda kwenye nyayo, ikapita magotini, na ilipofika mikononi nikagundua kuwa nimeukumbatia mkoba. Mimi namjua Ndanu anayekoroma, Ndanu anayemaliza maziwa na kurudisha pakiti tupu kwenye friji, lakini huyu aliyekaa pale akizungumza na ukumbi mzima bila kufungua mdomo sikumjua. Sehemu ya pili ilikuwa ya polepole. Ilishuka, ikawa nyembamba kama uzi, ikaisha, naye akauinua upinde hewani na kuuacha hapo. Ukumbi ukawa kimya. Hakuna aliyeinuka. Mdogo wangu amepiga vile, na hakuna hata mtu mmoja aliyeinuka.

Nilishtukia niko wima.

"Madam, bado," akanong'ona bwana wa kiti cha kando, huku akivuta magoti kunipisha (adabu yake sitaisahau).

Nikapiga kigelegele. Akina mama fulani huko nyuma, ambao nadhani walikuwa wamejizuia tangu mwanzo, wakanijibu kwa nguvu, na waliosikia vigelegele wakadhani kumekwisha wakaanza makofi, nami nikapanda jukwaani kwa madaha, mkoba ukanasa stendi ya mpiga fidla, karatasi zake za noti zikatawanyika miguuni mwa okestra. Sikusimama. Nikamfunga Ndanu ile leso, nikakaza fundo.

"Mumbua," akasema bila kusogeza midomo. "Mkono."

"Nini?"

"Umefunga mkono yangu."

Mkono wa upinde. Makofi yakafa. Mwongozaji alinitazama kwa subira, kama dereva anayengoja ng'ombe amalize kuvuka barabara kule Mutuini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Asante. Tunaendelea."

Badala ya kurudi kitini nikaketi papo hapo kwenye ngazi za jukwaa, mbele ya watu wote. Ndanu akautoa mkono taratibu, akaiacha leso begani, akafumba macho. Kisha akaanza sehemu ya mwisho, na jamani, kutoka pale ngazini nilisikia hata pumzi yake kabla ya kila mvuto, mbao zikatetemeka chini yangu, nikasahau kuwa nina aibu, nikasahau kuwa nina jina. Alipomaliza, ukumbi wote ulisimama. Mimi tu ndiye niliyebaki nimekaa.

Nyuma ya jukwaa mwongozaji alimwambia, "Kupiga unajua. Nilitaka kuona ukivurugwa utarudi au hutarudi. Mazoezi ni Jumanne, usichelewe." Halafu akanigeukia. "Na huyu ni nani?"

Ndanu akaivuta leso begani. "Huyu ni mtoto wa Mama."

"Mimi niliambiwa nikae," Mama akasema, "nikakaa."

Zamu ya jazi ilipofika Ndanu alileta tiketi mbili. Ya Mama ilikuwa mstari wa mbele. Yangu ilikuwa roshani ya juu, katikati kabisa ya mstari wa mwisho, ambako huwezi kutoka bila kuinua watu wote, na nimeapa nitakaa huko maisha yangu yote. Ndanu akiuinua upinde na ukumbi ukanyamaza, nakalia mikono yangu miwili. Miguu bado hutafuta ngazi za jukwaa.