Nilivyowalisha mbinzo askari wa Tante Furaha

Wakuu mnaosoma gazeti hili la ukutani la klasi (pardon, citoyens, préfet wa shule asije akaniita), nianze na upumbavu wenyewe: nilimwambia tante yangu asiende kupasuliwa.

Ni kweli tupu. Nikidanganya, nirudie mwaka.

Tante Furaha ni mdogo wa mama, anauza samaki wa Yanonge. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Docteur akasema ni kansa, bado ndogo, apasuliwe upesi. Tante akaogopa kisu.

Wiki ileile Prof wa biolojia akatuambia kwamba ng'ambo watafiti wanatoa seli nyeupe za damu ya mgonjwa, wanazilisha maabarani, wanaziamsha, kisha wanazirudisha mwilini zipigane na kansa.

"Lakini bado wanajaribu tu," akamaliza.

Hiyo ya mwisho sikuisikia vizuri. Kengele ya kutoka ilikuwa inalia, na ninyi mnanijua.

Nikakimbia kwa tante.

"Tante, seli nyeupe ni askari. Askari wa kwetu akishiba, anafanya kazi. Kula mbinzo!"

Bon, akala. Viwavi vya kukaanga asubuhi, viwavi jioni. Siku ya kupasuliwa akagoma kutoka nyumbani:

"Askari yangu inakula. Muache imalize kazi."

Mama akageuka, akanitazama mimi. Hakuuliza hata ni nani aliyemshauri.

Nikarudi kwa Prof, mbio. Akaguna: "Shida si njaa, wewe! Kansa inatoka ndani ya mwili wenyewe. Askari wanaiona kama mwenyeji."

Alors, nikamwambia tante:

"Fikiria barrière ya askari kwenye njia ya Bangboka. Mama wa mihogo anapekuliwa mpaka kwenye kilemba. Mwizi mwenye abacost, suti ya wakubwa, na beji ya parti ya serikali kifuani? Anapigiwa saluti, anapita. Kansa yako imevaa abacost, tante. Ukiwashibisha, saluti itakuwa kali zaidi. Ng'ambo wanajaribu kuwafundisha wasidanganyike. Hapa kwetu iko kisu tu."

(Préfet, kama unasoma: hii ni biolojia.)

Tante akacheka mpaka machozi.

"Donc nilikuwa nalisha wapiga saluti? Leta kitenge yangu, twende."

Akapasuliwa. Leo yuko sokoni, anagombana na wateja kama zamani.

Nilichojifunza: ukisikia nusu ya somo, usitibu mtu. Mwenye la kusema aandike hapo chini, penseli imefungwa kwa kamba, msiibe.

Na mama? Siku tante aliporudi nyumbani, alibeba sufuria ya mbinzo zilizobaki, akaiweka mbele yangu:

"Kula yote, docteur. Pengine mu kichwa yako iko askari moja, anakufa na njaa."