Askari Waliopanda Jukwaani

Mimi mwenye malori matatu hapa Kitale, hakuna kitu cha kunishtua. Lakini nikinusa masizi yaliyochanganywa na mafuta, moyo hunienda mbio. Baba alijipaka hayo kidevuni, yakawa ndevu, alipoigiza chifu kwenye mchezo aliotunga mwenyewe, bila kibali cha serikali, katika ukumbi wa kanisa Naitiri. Askari wawili walipopanda jukwaani wakamkamata shingo, watu walicheka, wakapiga makofi.

"Ati ameweka hadi askari!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Huyu mzee ni moto, bana!"

Mimi nilikuwa nimemsikia akikariri mchezo wote jikoni. Haukuwa na askari. Nikajikojolea.

"Mama, hiyo si mchezo," nikamwambia mamangu aliyekuwa kando yangu.

Kumtoa seli kulimaliza karo yangu yote ya kidato cha kwanza: shilingi elfu moja mia mbili na arobaini.